Ndugu Tuck na Wanyang'anyi

Leo nataka tukae na mtu mmoja wa hadithi, na kupitia kwake tuwafikie watu wa kweli. Naye ni Ndugu Tuck, mtawa mnene wa kundi la Robin Hood, mnyang'anyi wa msituni katika hadithi za Kiingereza. Wengi wetu tumemwona kwenye filamu: utosi umenyolewa, kamba kiunoni, paja la nyama mkononi. Watoto humcheka, na wana haki. Lakini mimi naona Tuck amebeba swali zito, ambalo Waingereza wa kale walilijibu kwa nyimbo na michezo: mtu wa Mungu ana kazi gani katikati ya wanyang'anyi?

Upo wimbo wa zamani unaosimulia walivyokutana. Robin amesikia kwamba huko Fountains, upande wa Yorkshire, yuko mtawa anayeweza kumshinda kwa upinde. Anafunga safari. Anamkuta mtawa kando ya mto, upanga kiunoni. Robin anamwamuru ainame ambebe mgongoni, amvushe. Mtawa hajibu neno. Anainama, anambeba, anamfikisha ng'ambo. Wakishafika, mtawa naye anashika upanga: sasa nibebe mimi, unirudishe. Robin anainama, anambeba. Walipofika, Robin anadai abebwe mara ya pili, na mtawa anambeba kweli, ila safari hii katikati ya maji anambwaga na kumwacha aogelee mwenyewe. Baada ya hapo panga zinagongana kwa saa nyingi. Robin akizidiwa anaomba apulize pembe yake, na wapiga upinde wake hamsini wanatoka msituni. Mtawa naye anaomba apige mluzi, na mbwa wake hamsini wanakuja mbio. Ndipo Robin anapomwomba aache mto ule, ajiunge naye.

Mimi nakipenda kisa hiki kwa jambo moja. Kabla hawajawa marafiki, kila mmoja amekwisha kumbeba mwenzake mgongoni, maji yakiwa mapajani. Katika hadithi zote za Robin Hood hakuna askofu wala abati aliyembeba mtu.

Lakini mtunzi wa wimbo amechanganya kitu. Fountains ilikuwa abasia kubwa ya wamonaki Wasistersiani, iliyoanzishwa mwaka 1132. Ndugu ombaomba kama Tuck, watawa wanaoishi kwa sadaka, hawakuwa na makao pale. Na tofauti kati ya aina hizo mbili za watawa, mmonaki na ndugu, ndiyo roho ya mazungumzo yetu. Hapa Tanzania unaiona kwa macho. Ukienda Peramiho au Ndanda unakuta abasia ya Wabenediktini: mmonaki ameweka nadhiri ya kukaa mahali pale pale, na monasteri ina mashamba, karakana, hospitali, na abati wa kuisimamia. Wakapuchini, ambao wako Dar es Salaam tangu mwaka 1921, ni watoto wa Mtakatifu Fransisko: leo mmoja wao yuko Ifakara, mwakani ametumwa mkoa mwingine, na nyumba anayolala haimhesabu kuwa wake. Katika Ulaya ya zama zile mmonaki mmoja mmoja hakuwa na mali, lakini monasteri yake ingeweza kumiliki vijiji vizima, vinu, misitu na hati za madeni ya watu. Fransisko alikataa hata hilo. Alitaka shirika lenyewe lisiwe na kitu.

Fransisko alikuwa mtoto wa Pietro di Bernardone, mfanyabiashara wa vitambaa wa Assisi. Mwaka 1206, mbele ya askofu wa mji, alivua nguo zote alizonunuliwa na baba yake akamrudishia. Mwaka 1209 Papa Innocent III alimpa ruhusa ya mdomo yeye na wenzake wachache, na mwaka 1223 Papa Honorius III akaithibitisha kanuni yao kwa maandishi. Kanuni ile inawakataza ndugu kupokea fedha, hata kwa kupitia mkono wa mtu mwingine. Mhispania Dominiko alikwisha kupata kibali cha shirika lake la Wahubiri mwaka 1216. Wakarmeli na Waaugustino wakaja kuungana nao katika njia hiyo ya kuishi kwa kuomba, wakihubiri mijini, sokoni, popote walipo watu.

Sasa sikiliza kisa kimoja kutoka katika kitabu cha masimulizi kiitwacho Maua Madogo, kilichokusanywa katika karne ya 14. Kule Monte Casale ndugu walikuwa na kijumba mlimani. Wanyang'anyi watatu wa eneo lile wakaja kuomba chakula. Mkuu wa nyumba, Ndugu Angelo, akawafukuza kwa maneno makali: nyinyi mnaokula jasho la wengine mnathubutuje kuja kula na sadaka tuliyopewa sisi? Wakaondoka wamekasirika. Baadaye Fransisko akarudi na mfuko wa mkate na chombo kidogo cha divai alivyoombea njiani. Aliposikia, hakumsifu Angelo kwa kulinda mali ya maskini. Alimkabidhi mfuko na divai, akamwamuru awafuate wale watu milimani na mabondeni mpaka awapate, awape chakula, kisha apige magoti, aombe radhi kwa ukali wake, na ndipo awasihi waache kuua na kunyang'anya. Kitabu kinasema walirudi naye, na hatimaye wakavaa kanzu ya ndugu.

Angalia mpangilio wa amri ile. Kwanza mkate, pili magoti, mwisho mahubiri. Mimi nimewasikia wahubiri wengi, nami mwenyewe nimezungumza sana katika kipaza sauti hiki, na mara nyingi sisi huanzia mwisho. Angelo alisema kweli tupu. Wale watu walikuwa wauaji. Ila ukweli wake uliwarudisha barabarani na njaa yao, na msafiri wa pili kupita barabara ile ndiye angelipa.

Wafransisko walitua Dover, Uingereza, tarehe 10 Septemba 1224. Walikuwa tisa, wanne makleri na watano walei, wakiongozwa na Agnellus wa Pisa. Nauli hawakuwa nayo. Walivushwa bahari kwa hisani ya wamonaki wa Fécamp, Ufaransa. Tunayajua mambo haya kwa sababu ndugu mmoja, Thomas wa Eccleston, aliyakusanya na kuyaandika miaka thelathini na kitu baadaye. Huko Canterbury wenyeji waliwapa chumba kidogo chini ya shule. Mchana kutwa walijifungia humo, kimya. Jioni wanafunzi wakishaondoka, ndugu waliingia darasani, wakawasha moto, wakauzunguka. Waliweka jikoni chungu chenye masimbi ya pombe, yale yanayobaki chini ya pipa, wakachovya kikombe na kupokezana, kila mmoja akisema neno la kumjenga mwenzake. Pombe ikiwa nzito mno waliongeza maji, wakaendelea kunywa kwa furaha.

Nimekitaja chungu hicho kwa makusudi. Ndugu wa hadithi amechorwa akiwa na kikombe cha pombe mkononi, na watu hudhani ni kejeli tupu. Hawa wa kweli nao walikuwa na kikombe, kimoja kwa wote, na ndani yake mlikuwa na kile ambacho mwenye pipa angekimwaga. Kabla ya Eccleston kumaliza kuandika, kufikia mwaka 1256, Uingereza ilikuwa na ndugu Wafransisko 1,242 katika nyumba 49. Watu tisa kwa miaka 32! Raia waliwapokea kwa sababu waliwaona.

Hesabu hizo zinaonyesha pia kwamba Tuck wa filamu hawezi kuwa wa kweli. Filamu zinamweka Robin katika zama za Mfalme Richard, yule wa vita vya msalaba. Richard alifariki mwaka 1199, wakati Fransisko ni kijana anayeuza vitambaa dukani kwa baba yake. Aliyemweka Robin zama hizo ni mwanahistoria wa Scotland, John Mair, katika kitabu cha mwaka 1521, na Walter Scott akaja kulishindilia wazo hilo kwa riwaya yake ya Ivanhoe. Nyimbo zenyewe za zamani hazimjui Richard. Zinamjua mfalme aitwaye Edward, na zinajua uchungu wa madeni.

Na madeni yanatupeleka kwa adui wa Robin. Utenzi mrefu kuliko yote wa Robin Hood, uliopigwa chapa mwanzoni mwa miaka ya 1500, hauna Tuck hata kidogo. Una abati wa Mtakatifu Maria wa York. Robin anamkaribisha chakula bwana mmoja mwenye cheo, msafiri mwenye uso wa huzuni, na mwisho wa chakula anamdai alipe. Bwana yule ana shilingi kumi tu. Mwanawe aliua mtu, na ili kumwokoa, baba aliweka ardhi yake yote rehani kwa abati kwa pauni 400; siku ya kulipa imefika na abati anaisubiri ardhi. Robin anauliza mdhamini ni nani. Hakuna, isipokuwa Bikira Maria. Robin, ambaye katika nyimbo hizi anampenda Bikira Maria kuliko kitu chochote, anakubali dhamana hiyo na kumkopesha pauni 400. Baadaye vijana wa Robin wanamkamata mmonaki wa abasia ile ile. Anaapa ana fedha kidogo tu. Mzigo unafunguliwa: zinatoka zaidi ya pauni 800. Robin anashangilia kwamba Bikira Maria amelipa deni mara mbili.

Watu waliotunga na kusikiliza nyimbo hizi walikuwa waumini. Robin anahatarisha shingo yake kwenda misani Nottingham, na ni mmonaki anayemtambua kanisani na kukimbilia kwa sherifu, msimamizi wa sheria. Hata kifo chake kinatoka monasterini: mama mkuu wa Kirklees, jamaa yake wa damu, anamtoa damu kwa hila ya kumtibu mpaka anakufa. Hasira ya nyimbo hizi imemlenga mtu wa dini anayekaa juu ya hati ya shamba la mwenzake, na haigusi imani yenyewe.

Ndugu ombaomba nao hawakubaki na usafi wa Canterbury. Walijengewa makanisa makubwa, matajiri wakataka kuzikwa kwao, na fedha za mazishi zikawagombanisha na maparoko, hata Papa Boniface VIII mwaka 1300 akaamuru robo ya mapato hayo iende kwa paroko wa marehemu. Geoffrey Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, alimchora ndugu mmoja mwenye kibali cha kuomba sadaka katika eneo lake: anazijua baa zote za mji, anagawa visu vidogo na pini kwa wake za watu, na malipizi anayotoa ni mepesi kwa mwenye kutoa. Chaucer hakuwaonea. Lakini wapo walioukataa mwenendo huo na kuulipia. Mfransisko William wa Ockham, mzaliwa wa kijiji cha Surrey, aliona kwamba Papa John XXII amekosea kuhusu ufukara wa Kristo na mitume, na usiku mmoja wa Mei 1328 alitoroka Avignon, alikokaa Papa, pamoja na mkuu wa shirika lake. Alitengwa na Kanisa, akaishi uhamishoni München hadi kifo chake. Huyo ni ndugu wa kweli aliyekuwa mkimbizi, na kosa lake lilikuwa kuutetea ufukara.

Sasa ushahidi ninaouona mkubwa kuliko yote, na unatoka kwa adui. Mwaka 1357 Richard FitzRalph, Askofu Mkuu wa Armagh kule Ireland, alisimama mbele ya Papa huko Avignon kuwashitaki ndugu ombaomba. Alisema katika jimbo lake wako watu 2,000 ambao kila mwaka wanaangukiwa na adhabu ya kutengwa na Kanisa kwa uuaji, unyang'anyi, kuchoma nyumba na mambo kama hayo, na kati yao hawafiki hata 40 wanaokuja kwake au kwa mapadre aliowapa mamlaka ya kuwaondolea. Waliobaki wanapanga foleni ya komunyo pamoja na wengine. Ni nani aliyewaungamisha? FitzRalph hakuwa na shaka: ni ndugu.

Hoja yake ni ya haki na naiheshimu. Mwizi wa ng'ombe anayeungama bila kurudisha ng'ombe amemwacha mwenye mali na zizi tupu, na padre anayemwondolea kwa urahisi ameshiriki wizi. Lakini fikiria upande wa pili. Sheria ya Uingereza ilimtangaza mtu kuwa nje ya ulinzi wake kama hakufika mahakamani alipoitwa mara kwa mara. Mali yake ilichukuliwa, na kwa desturi ya zamani alihesabiwa kama mbwamwitu ambaye yeyote anaweza kumuua. Mtu huyo, siku anapogutuka usiku na kuziogopa dhambi zake, aende kwa nani? Paroko anakaa kijijini, karibu na aliyeibiwa, na sherifu anamjua. Askofu anakaa mbali nyuma ya lango. Ndugu ndiye anayepita porini kwa miguu, hana kitu cha kuibiwa, na kesho hayupo. FitzRalph alitoa malalamiko, nasi tumeachiwa picha: maelfu ya wahalifu na ndugu waliokubali kukaa nao na kusikiliza. Msitu wa Robin Hood ulipohitaji padre, asingeweza kuwa mtu mwingine.

Jina lenyewe linaonekana kwenye hati za serikali mwaka 1417. Mfalme Henry V anaagiza akamatwe mtu anayejiita kwa jina lisilo la kawaida, Ndugu Tuck, anayeongoza genge katika Surrey na Sussex: wameua, wamenyang'anya, wamewinda katika hifadhi za watu na kuchoma nyumba za walinzi. Hati ya mwaka 1429 inamtaja kwa jina lake halisi: Robert Stafford, kasisi wa Lindfield, Sussex. Hakuwa ndugu ombaomba. Alikuwa kasisi wa kanisa la kijiji, na alipoingia porini akachagua kujiita ndugu. Mimi sioni namna ya kumpamba mtu aliyeua. Ila chaguo lake la jina linanigusa, kwa maana hata jambazi alijua ni kanzu gani inayofaa msituni.

Baada ya hapo Tuck akawa mali ya watu. Anatokea katika kipande cha mchezo cha mwaka 1475 hivi, akipiga upinde upande wa Robin dhidi ya sherifu wa Nottingham. Katika sikukuu za Mei vijiji vilimchezesha pamoja na Marian, mwanamke wa hadithi hizo. Tuck alikuwa mcheshi, mpenda wanawake, mwenye maneno ambayo siwezi kuyarudia hewani. Na bado angalia fedha zilikwenda wapi: vitabu vya hesabu vya parokia ya Kingston, kando ya Mto Thames, vinaonyesha gharama za mavazi ya Robin, mwenzake John Mdogo, Ndugu na Marian, kwa sababu michezo ile ilikuwa ya kuchangisha fedha za kanisa. Hugh Latimer, aliyekuwa askofu, alimlalamikia Mfalme Edward VI katika mahubiri ya mwaka 1549 kwamba alifika mji mmoja siku ya sikukuu akakuta mlango wa kanisa umefungwa. Akasubiri, mpaka mtu mmoja alipomwambia kwamba waumini wote wamekwenda kumchangia Robin Hood.

Pwani yetu nayo iliwaona ndugu ombaomba, ila wa namna nyingine. Waaugustino walifungua nyumba Mombasa mwaka 1597, chini ya Ngome ya Yesu, wakiwa wamefuata mizinga ya Wareno. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme waliyemlea wao wenyewe Goa na kumbatiza, aliasi, na ndugu waliokuwapo wakauawa pamoja na Wareno wengine. Naamini wengi wao walikuwa watu wema. Lakini walisimama upande wa ngome, na mtu wa Mombasa hakuwa na sababu ya kumtungia mtu wa ngomeni wimbo wa kuvushana mto.

Turudi Uingereza, nyuma kidogo. Mwaka 1538 Mfalme Henry VIII alizifunga nyumba za ndugu nchini humo. Aliyetumwa kuzizungukia na kuchukua funguo alikuwa Richard Ingworth, mwenyewe Mdominiko wa zamani, wakati huo askofu wa Dover. Kati ya wale tisa waliotua Dover mwaka 1224 alikuwamo padre aliyeitwa pia Richard wa Ingworth. Askofu alikuta nyumba nyingi zikiwa hoi kwa madeni, vyombo vya altare vimewekwa rehani. Wamonaki walimalizwa mwaka 1540. Miaka ishirini hivi baadaye, wakati hakuna kanzu ya ndugu iliyoruhusiwa barabarani, mpiga chapa William Copland wa London alichapa kitabu cha Robin Hood na kukiongezea mchezo wa sikukuu ya Mei, ili wanaotaka kuucheza wapate maneno yake. Katika mchezo huo Ndugu Tuck yumo, na Robin anamwomba ajiunge naye. Abati hakuandikiwa nafasi.